Miji Mitano Uliyonipa, Idarusi

Kitendawili!

Ewe unayesoma, itika: tega. Nimekwenda miji mitano bila kuinua unyayo. Kila mji niliofika nimemkuta mtu mmoja amekwisha kutangulia, ananingoja.

Usijibu kwanza. Kitendawili hiki si changu mimi ninayeandika. Ni chako, Idarusi bin Kombo, mume wangu, na mwenye kutakiwa jibu ni mimi. Mwaka umetimia tangu ulipokitega, ukaondoka kabla sijakijibu. Ilikuwa Mfunguo Pili, 1957, katika hospitali hapa Tanga. Leo naja mbele ya watu na elimu yangu ya darasa la nne, nikuandikie nikiwa na jibu mkononi. Lakini nipe nafasi nianzie mbali, maana wako wasiokujua.

Hapa Chumbageni walikuita Bwana Majani. Miaka ishirini na miwili ulikata majani ya kiwanja cha gofu. Sala ya alfajiri ikiisha, wenzako hurudi kujinyoosha, wewe ulikwenda zako ukavua viatu, ukatembea kiwanja kizima juu ya umande. Ulisema kwa unyayo unajua wapi majani yana kiu na wapi yameshiba. Kando ya mashimo ya kutumbukizia mpira hapakuwa na majani. Palikuwa na mchanga uliokandwa kwa mafuta machafu ya injini, nawe kazi yako kuufagia ukae sawa kila wachezaji wakipita. Ulirudi nyumbani unanuka gari, na gari hatuna.

Majani uliyokata hukuyachoma. Uliyafunga matita, ukayaweka kando ya njia kwa ajili ya kina mama wenye mbuzi. Yule jirani yetu aliyekutukana kwa ajili ya ukuta, yeye tita lake lilikuwa kubwa kuliko yote. Nilikuuliza kwa nini. Ukasema, "Mbuzi wake hawakunitukana."

Kucheza hukucheza. Kiwanja kilikuwa na wenyewe, na mwenyewe hukuwa wewe. Hukulalamika hata siku moja. Lakini mwaka 1951 fundi mmoja wa Kizungu alifunga mizigo kurudi kwao Uskochi, akakuachia furushi la magazeti ya picha. Ukalibeba mpaka kwa rafiki yako Mwalimu Asheri, Mbondei wa Magila anayekaa nyumba ya tatu, akusomee Kiingereza. Nilikuwa nawamiminia kahawa, nikaona kwa macho yangu.

Ilikuwa picha ya shimo. Pembeni yake si mchanga, ni majani, mafupi, yamelala upande mmoja. Ukaweka kidole juu ya karatasi, ukakiondoa upesi, kama mtu aliyekanyaga zulia la msikiti na miguu yake ina tope.

"Subhanallah," ulisema. "Mwalimu, haya majani kweli, au wamepaka rangi?"

"Majani, Mzee Idarusi."

"Na mtu akitaka kuyakanyaga, ruhusa anaomba kwa nani?"

Mwalimu akasoma, midomo inacheza, akarudia kusoma. "Hapa pameandikwa kiwanja ni mali ya mji. Miaka mia kadhaa watu wanakicheza. Mgeni anaandikisha jina lake, anangoja zamu."

"Mgeni gani?"

"Mgeni yeyote."

"Yeyote?"

"Yeyote, mzee."

Kahawa yako ilipoa. Nilikuuliza kama nikumiminie nyingine, hukunisikia.

Tangu siku ile ukaanza orodha yako. Viwanja vikubwa vya dunia, vyenye sifa, ambavyo mtu wa Chumbageni akifika mlangoni haulizwi babaye nani. Sharti lako lilikuwa hilo moja tu. Kuna kimoja ulikipenda sana, ukapanga mpaka mwezi wa kwenda, halafu Mwalimu akagundua hakiingiliki mpaka wanachama wawili wakudhamini. Ulichukua kifutio ukakifuta hadi karatasi ikatoboka. Vilivyobaki vilikuwa vitano, na safari yake ukaipanga kama mtu anayeondoka Jumatatu: meli kutoka gatini hapa, Mombasa, Adeni, mfereji wa Suwesi, hadi Uingereza. Ramadhani usiwe baharini. Vuli usiwe Uskochi. Ukamwambia binti yetu Semeni akufumie sweta la sufu, na lilipokwisha ukalijaribu mwezi wa Februari, katika jua lile, ukaenda nalo msikitini. Watu wakakuletea mwarobaini nyumbani, wanadhani una homa!

Sasa hapo ndipo vitendawili vyangu vilipoingia.

Wanaojua mchezo huu wanajua: mtu akishindwa, humpa mji aliyetega. Aliyetega huenda kwenye mji huo kwa maneno, akaeleza alivyopokewa, ndipo akalitoa jibu. Wengine wote hunipa Pangani, Mombasa, Unguja. Ijumaa moja tumemaliza kula, tumekaa mkekani, nikakutega.

"Mgeni wangu habishi hodi mlangoni, hubisha juu ya paa."

"Ndege," ulisema.

"Siye."

"Nazi imeanguka."

"Hukupata. Nipe mji."

"Nimekupa Sentandrusi."

"Ndiyo wapi huko?"

"Uskochi. Wewe nenda tu."

"Haya. Nimekwenda Sentandrusi, nimefika Sentandrusi, nimepikiwa pilau ya…"

"Kule hawapiki pilau."

"Aliyekwenda ni mimi au wewe?"

Ukacheka hadi ukashika mbavu. Kisha ukanieleza polepole, kama mtu anayesimulia habari za peponi. Kwamba kile kiwanja kiko kando ya bahari, nyumba za mawe zinakichungulia. Kwamba wanawake wa mji tangu zamani wana haki ya kuanika nguo zao palepale. Kwamba Jumapili haupigwi mpira, kiwanja kinapumzika, na anayetaka anakatiza katikati yake kwa miguu, mkubwa kwa mdogo.

"Basi nimefika Jumapili," nikasema. "Nimeanika kanga yangu juu ya vichaka vyao vya miiba, upepo umeikausha kabla sijakaa kitako. Na mgeni wangu si ndege, ni mvua!"

Nilicheka kukuona umeshindwa na mvua, wewe unayeingoja kila siku kwa ajili ya majani yako. Lakini nilipotoka uani nikaiona kanga yangu kwenye kamba, wallahi, ilinijia kama nimeiacha mbali sana, nami nimerudi bila hiyo. Sijui niseme vipi. Dunia ilikuwa kubwa ghafla, na mimi nimo ndani yake.

Ukanipa Kanusti, kulekule Uskochi, kuna kijito kinaukata uwanja huo mara hapa, mara pale, kama nyoka anayetafuta mtu. Ukanipa Pwani ya Kokoto huko Kalifonia, mpira ukipotea umemezwa na bahari, nayo hairudishi. Ukanipa Banfu ya Kanada, chini ya milima ya theluji, kulungu wakubwa kama ng'ombe wanatoka msituni wanasimama katikati ya kiwanja, wachezaji wanawasubiri. Nilikuuliza nani huwafukuza. Ukasema hawafukuzwi, nao pia ni wageni wowote.

Wa mwisho ulikuwa Betipeji, upande wa New York. Siku hiyo mdogo wako Uweso alikuwa amekuja kutoka Tongoni. Nikatega: "Ana meno mengi, hula majani kutwa, wala si mbuzi."

"Mbuzi," ulisema.

"Nimesema si mbuzi!"

"Basi ng'ombe."

Uweso akaruka mkekani. "Ee kaka! Mashine ya majani hiyo! Unaisukuma kutwa, huijui? Shemeji, mumeo amezeeka, tumtafutie fimbo."

"Wewe umeingilia," ukamwambia. "Mimi nimeshindwa. Mwanasiti, nimekupa Betipeji." Ukanieleza. Kiwanja hicho kilichimbwa na watu waliokosa kazi, siku za dhiki. Ni cha serikali yao. Anayetaka anapanga foleni. "Waliochimba kwa majembe wanaweza kucheza, Mwanasiti. Wao na watoto wao."

Nami kwa mara ya kwanza sikuharakisha kurudi kutoka mji ulionipa.

Halafu moyo ukaanza kukusumbua. Safari ilikuwa imesogezwa mwaka, ikasogezwa tena. Siku moja kabla hujatutoka, saa za kutazama wagonjwa, alasiri, nilikuwa nakupepea kwa upepeo wa ukili. Ukasema, "Kitendawili."

Nilishtuka. Miaka thelathini ya ndoa hukupata kunitega. Nikasema, "Tega."

Ukakitega hicho nilichokianza hapo juu.

"Kitabu," nikasema.

"Sicho."

"Picha za gazeti."

"Sizo."

"Ndoto."

"Karibu, lakini siyo. Nipe mji, Mama Semeni."

"Sikupi. Mimi sijapata kushindwa. Ngoja mpaka kesho."

Ukatabasamu. "Haya. Kesho."

Asubuhi yake tulipofika na uji, kitanda kilikuwa kimekwisha tandikwa.

Nilikaa eda miezi minne na siku kumi, na kitendawili chako nimekaa nacho. Barua? Meli? Redio ya Mwalimu? Nilijibu ukutani, nilijibu kwenye sufuria. Uweso alikuja akasema, "Shemeji, shindwa kiungwana. Mpe mji, uishe."

"Nikimpa mji, Uweso, atakwenda."

Alitaka kucheka. Kisha akaelewa, akatazama chini. Maana ndivyo mchezo ulivyo: ukitoa mji, mwenye kutega huenda. Nami sikuwa tayari uende. Kumbe kwa kutojibu nilikuwa nimekushika shati.

Ila kitu kilinila. Nilianza kuogopa kwamba jibu nalo limekwenda nawe, na kwamba siku moja nitachoka, nitakupa Pangani basi, kama watu wengine.

Wiki hii, tunajitayarisha kwa hitima, Semeni alikuja na lile kopo la biskuti uliloweka orodha yako. Mwaka mzima sikuligusa. "Mama, tulifungue," alisema. "Baba hakuficha kitu."

Karatasi ulikuwa umeiandika kwa herufi zetu za Kiarabu, za chuoni, kwa penseli. Nilifikiri nitakuta tarehe za meli. Nikavaa miwani nikasoma kwa sauti, Semeni na Mwalimu Asheri wanasikiliza:

"Sentandrusi. Mvua. Nilijua. Mwanasiti amefika.

"Kanusti. Kivuli. Nilijua. Mwanasiti amefika.

"Pwani ya Kokoto. Moshi. Nilijua. Mwanasiti amefika.

"Banfu. Kifuu cha nazi. Nilijua. Mwanasiti amefika, amewaogopa kulungu.

"Betipeji. Mashine yangu. Uweso nusura aharibu. Mwanasiti amefika."

Mwalimu alitoka uani. Semeni akanishika mkono, "Mama, alikuwa anashindwa makusudi." Nami nilikuwa nimekaa na karatasi mapajani. Mara tano ulikubali kuchekwa na mdogo wako na mkeo, mtu mzima, ili nipate kutangulizwa mahali ambapo mlango uko wazi. Hukutaka kufika kwenye majani yale, ukatazama kulia na kushoto, ukajikuta peke yako.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo, Mwanasiti. Binti yako Semeni, aliyelitunza sweta na mdudu hajaligusa. Mdogo wako Uweso na watu wote wa Tongoni. Wajukuu zako Chiku na Kombo. Rafiki yako Mwalimu Asheri. Na kina mama wenye mbuzi, ambao wanakata majani yao wenyewe siku hizi na kila wakikata wanakutaja. Mwenyezi Mungu akulaze mahali pema. Siku ya kukusahau sisi hatuna.

Sasa, Baba Semeni, kaa vizuri. Mji sikupi. Ulisema kesho, na kesho yangu imechukua mwaka, niwie radhi. Uliyemkuta Sentandrusi ameanika kanga, ukamkuta Kanusti, na Pwani ya Kokoto, na Banfu kwenye theluji, na Betipeji katika foleni, anakungoja, ni mimi.