Kamulango ya Bakobe mu Ukuta Yetu

Kazi moja ya juma, tarehe 2 mwezi wa sita

Nilisha kufagia lupango, kiwanja yetu. Maharagi iko ku moto. Makala ya kupikia nilikamata kwa Mama Chantal, muuzaji pa kona, tulisimama kidogo tu, mara jua ilisha kupanda. Habari ilikuwa tamu. Binti ya pasta anakataa muchumba, na bazazi yake balisha kuitika, balikunywa soda ya familia ya muchumba.

Kurudia, namukuta bwana yangu, Papa Nadege, anapanguza mwiko yake ya kujengea. Ile alitundikaka siku aliacha kazi, alipata pansion, akasema mugongo ilichoka. Unaenda wapi? Kwa Mama Ngalula. Kujenga nini? Nyumba ya bakobe.

Nyumba ya bakobe.

Mama Ngalula njo jirani yetu, ukuta moja. Muntu ya Kasai, alifundishaka masomo, anasema kifaransa hata na kuku. Bwana yake alifanyaka kazi na yangu ku mine ya shaba, alikufa mwaka jana. Alimuachia bakobe mbili. Moja anaitwa Madame. Ile mukubwa anaitwa Directeur. Balikuwa banalala mu boksi ya karto, mu salo pa kukaribishia, kama bageni.

Nyumba yangu ya kupikia haina manjanja, bati ya juu, tangu mvua ilipita. Kila siku mugongo inamuuma. Kwa kobe, mugongo ilipona.

Kazi mbili, tarehe 3

Nilipindua kinu, nikapanda juu, nikaangalia kule. Muntu asiseme nilichungulia. Nilikuwa naanika nguo.

Kanyumba ya matafari ya kuchoma, inaegemea ukuta yetu. Chini ubao, juu ya ubao majani ya kukauka, maana baridi ya mwezi wa sita inapandaka mu simenti. Juu, manjanja. Mupya. Inangaa mupaka macho inauma.

Papa Nadege alipiga magoti mbele ya Directeur, anacheka. Ile kicheko sikuisikia tangu binti yetu Nadege aliolewa.

Nina wivu. Naandika tu vile iko.

Kazi tatu, tarehe 4

Mama Chantal alinipimia makala polepole. Nilijua iko na kintu.

«Mama Nadege, unatuleteaka habari ya avenue yote. Ya lupango yako haina leo?»

Nikacheka sana. Nikamuambia bwana yangu anajengea bakobe, kesho atajengea mbuzi, kesho kutwa nawe, mama, utapata yako. Bantu balicheka. Mi pia.

Lakini mu njira miguu ilikuwa mizito. Najua vile habari inatembeaka mu hii avenue. Ni mi naibebaka. Hii yangu, sitamupa muntu. Itaikala hapa mu kaye, daftari ya masomo ya Nadege, ile alibakisha karatasi mingi.

Siku ya posho, tarehe 7

Kuko tundu mu ukuta yetu.

Nilienda kuchuma matembele ya mangaribi, naona kichwa inatoka mu matafari, chini, pa kimo ya goti. Kichwa ya muzee, bila meno. Nilitupa kitunga. Ilikuwa Directeur, anaingia mu bustani yangu kama muntu mwenye kulipa.

Papa Nadege, mwenye kuitoboa, anaelezea: kwa Mama Ngalula lupango yote iko simenti, hakuna jani hata moja, na jua inafika kwetu mbele ya kufika kule. Basi bakobe balale kule mu kanyumba, muchana bakule huku. Mangaribi banarudia beko peke yao, yeye anaweka kabao ya kufunga tundu, imeisha.

Nikamuuliza: na mi, uliniuliza?

«Nilikuambia, mama. Jana. Ulikuwa unasema.»

Siku ya Mungu, tarehe 8

Ku kanisa pasta alisema juu ya upendo, binti yake alikuwa anaangalia chini. Kuko kintu kule. Nitajua.

Kisha ibada kuisha, Mama Ngalula alileta mikate ya mafuta mu sahani ya maua, na merci nyingi juu ya matembele. Mikate ilikuwa muzuri. Nilikula tatu na roho mubaya.

Papa Nadege anakata papai tudogo-tudogo, anamupa Directeur ku mukono. Miaka yote tulikaa naye, papai yangu nakataka mwenyewe.

Kazi tatu, tarehe 11

Sasa kila mangaribi anaenda kule. Anakaa ku kiti kidogo pa kanyumba. Mama Ngalula anakaa ku mulango yake, anashona. Nilipanda tena ku kinu. Nilisikiliza mupaka shingo ikauma.

Habasemi kitu. Hata neno moja. Anaangalia kobe, yeye anashona, jua inashuka.

Kama balikuwa banasema, ningejua banasema nini. Kama balikuwa banacheka, ningekuja na fimbo. Sasa hii kunyamaza, nitaipiga na nini? Bantu banaonyamaza pamoja, banajuana.

Bukari, ugali yetu, ilipoa. Nikala peke yangu.

Kazi ine, tarehe 12

Baridi mukali. Mangaribi Madame aliingia mu tundu. Directeur alibakia mu matembele, namuona mugongo yake. Papa Nadege aliitwa ku kilio ya jirani wa chini.

Nilitoa tafari moja ku fasi naikalishaka chungu. Nilifunga tundu. Ilienea kabisa.

Nililala muzuri.

Kazi tano, tarehe 13

Asubui sana Mama Ngalula pa mulango, kitambaa ya kichwa imegeuka upande. Analia. Directeur hakuingia. Anasema bwana yake aliokotaka ile kobe mu pori akiwa kijana, mbele ya kumujua yeye. Anasema njo kitu ya mwisho yenye kumujua Papa Ngalula mu ile nyumba.

Nikasema sijui, pengine mubwa.

Papa Nadege alitambaa mu bustani na mugongo yake yote. Mi nilienda moja kwa moja pa tundu, maana nilijua. Directeur alikuwa pale. Pua yake imeshikana na tafari yangu. Umande juu yake ilikuwa kama maji ya frigo. Nilimubeba. Jiwe. Miguu yote ndani, macho imefunga.

Nilitaka kumuweka karibu na moto. Papa Nadege alisema hapana, polepole, jua tu. Nikatandika kikwembe, kitenge yangu ya kanisa, ile ya ndege, pale jua inafikaka mbele. Tukaikala.

Mama Chantal alipita ku lango, «Habari gani kule?» Nikasema hakuna. Alisimama, alingojea. Hakuna, mama. Akaenda na uso ya muntu alinyimwa chumvi.

Jua ilifika juu ya kichwa. Nilisali, lakini ndani. Kisha mguu moja ilitoka. Mama Ngalula alishika mukono yangu, mi mwenye kufunga mulango, na alinishukuru.

Papa Nadege alikamata tafari pale chini. Aliigeuza, akaona masizi ya chungu. Akairudisha ku fasi yake. Hakuniambia kitu. Afazali angenitukana.

Siku ya Mungu, tarehe 15

Sikulala bushiku mbili. Kisha ibada kuisha niliingia kwa Mama Ngalula, sikukaa hata. Nilisema: ni mi nilifunga. Nilikuwa na wivu. Nilifikiri unanikamatia bwana.

Aliweka sindano chini.

«Nilijua. Directeur alikuwa na vumbi nyekundu ya tafari ku pua.»

Kisha akaniambia kintu yenye sikufikiri. Bwana yako anakujaka kumulilia rafiki yake wa ku mine. Ku kilio hakulia, kulikuwa bantu mingi. Hapa hakuna muntu wa kumuuliza.

Na akasema na yeye iko na wivu. Kila bushiku, mu kitanda, anasikia kupitia ukuta vile namuelezea Papa Nadege habari ya avenue. Anasinzia na sauti yangu. Tangu kazi tano ukuta inanyamaza, nyumba yake imekuwa kubwa.

«Mama Nadege, binti ya pasta, iliishaka namna gani?»

Nikakaa.

Kazi ine, tarehe 19

Leo mangaribi nilibeba kiti yangu kule. Papa Nadege alibakia huku, upande wetu, na bakobe mu matembele. Nilimuachia lupango yote na kunyamaza yake. Sikupanda ku kinu.

Kule nilielezea Mama Ngalula polepole: binti ya pasta alipata kazi ku Kolwezi, muchumba njo mwenye kukimbia. Mama Ngalula alijichoma sindano mu kidole juu ya kucheka.

Madame aliingia mbele. Kisha tukamungojea Directeur. Anatoka kwa bwana yangu, anakuja kwetu. Alisimama katikati ya ukuta, nusu huku, nusu kule. Nikafunga kinywa. Sikutaka arudie nyuma.

Wivu haikuisha yote. Papai anaikulaka ku mukono ya Papa Nadege tu. Kwangu anaikataa, na mi nakataka muzuri kupita bwana yangu.

Aliingia. Majani ilisikika kidogo.

«Balisha kuingia?» Papa Nadege, kule upande mwingine.

«Balisha.»

Nikasikia anaweka kabao.