Gesi ya Spana

4 Februari

Kwako binti yangu,

Habari za huko? Sisi tupo, tunasukuma siku. Magoti ya mama yako yanamsumbua kukiwa na baridi, mengine ni ya kawaida. Mdogo wako Spana sasa ni dereva kamili. Anapandisha magogo kutoka bondeni mpaka kiwanda chetu cha mbao. Anakusalimu.

Utashangaa kuuona mwandiko wangu, maana mwandishi wa nyumba hii ni mama yako. Lakini jambo lenyewe ni la injini, na mama yako angeandika tu kwamba gari linakohoa.

Na kweli linakohoa. Ni lile lori kuukuu linalovuta magurudumu yote. Likifika pale njia inaposimama wima kupanda mlima, petroli ndani ya kabureta inaegemea upande mmoja, injini inakosa chakula, inazima. Spana anabaki ananing'inia na breki peke yake, kisha arudi kinyumenyume na mzigo wote ule, huku wenzake wanampigia honi. Nimebadilisha kabureta, nimerekebisha boya lake, nimeitukana, wapi. Meneja amesema likiendelea hivi litakwenda kwenye vyuma chakavu, na mimi fundi wake mkuu nikapumzike nyumbani. Wewe unanijua, mimi nikipumzika nitakufa.

Mama yako anasema huko ghalani unatengeneza foklifti, zile gari za kunyanyulia mizigo, zinazotumia gesi ya mtungi. Je, ni kweli gesi haijali mlima? Nijibu upesi.

Ni mimi baba yako.


19 Februari

Shikamoo Baba,

Mimi mzima. Mama mwambie akande magoti kwa maji ya moto, asione uvivu. Spana mpe pongezi zangu.

Barua yako niliisoma nimesimama katikati ya karakana, mpaka msimamizi akaja kuniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hakuna msiba, baba yangu ameniuliza swali la injini. Hakuelewa, na sikuwa na nguvu ya kumweleza. Ningeanzia wapi? Kwamba nilipomaliza shule nilikuomba unichukue gereji, ukasema mikono inayonuka grisi hakuna mwanamume atakayeishika? Spana akapewa ovaroli na jina la kazi. Mimi nikapewa kuifua hiyo ovaroli. Samahani, Baba, nimeanza vibaya. Turudi kwenye injini.

Ni kweli, gesi haijali mlima. Kwenye kabureta kuna kikombe cha petroli, na kikombe kikiinama kinamwagika. Gesi haina kikombe. Inatoka kwenye tangi kwa presha yake yenyewe, inapita kwenye kifaa kinachopashwa na maji ya rejeta ili isigande, halafu inaingia kwenye kichanganyio cha gesi na hewa kinachokaa pale pale palipokuwa na kabureta. Lori likilala ubavu, injini itaendelea kuunguruma kama vile haijaona kitu.

Hapa kuna foklifti kubwa iliyokufa. Msimamizi ameniruhusu kuchukua vifaa vyake vya gesi. Nitavisafisha na kuviunganisha mwenyewe wakati wenzangu wanakula, kisha nitavituma pamoja na michoro. Kila mpira wa kupitishia gesi utakuwa na alama, nanyi mfuate alama. Mkimaliza, pakeni povu la sabuni kila penye kiungo mwone kama linachemka. Na msifanyie kazi hiyo juu ya lile shimo la gereji, kwa sababu gesi hii ni nzito, inatambaa chini na kujificha.

Sitaki malipo. Lori likipanda, waambie watu wa kiwandani ni kazi ya nani. Hilo tu.

Wako,
Binti yako.


27 Aprili

Binti yangu mpendwa,

Marahaba, na salamu nyingi kutoka kwa sisi sote. Magoti ya mama yako yametulia. Hata mimi nimetulia, kwa mara ya kwanza mwaka huu.

Lori limepanda. Na halikupanda kwa kujikongoja, lilipanda na mzigo kamili, sauti ile ile kuanzia bondeni mpaka juu. Madereva wote walitoka kwenye kibanda chao kusikiliza. Meneja alishuka ofisini na viatu vyake vya kung'aa, akaingia topeni, akampa Spana mkono. Vifaa vyako vimekaa kama vilizaliwa na injini ile. Tulifuata alama zako, sabuni tulipaka, na lori tulilitoa nje mbali na shimo. Ile vali inayojifunga yenyewe injini ikizima, nimeitazama siku nzima. Aliyeibuni ana akili.

Sasa nikueleze jambo, na usinune. Meneja aliuliza nani amefunga gesi. Nikamwambia ni Spana. Fikiria mwenyewe, mimi fundi mkuu, mbele ya madereva wale wenye midomo, niseme nimefundishwa kazi na binti yangu wa ghalani? Wangenila mzima. Na Spana ndiye aliyeshika spana, huo si uongo. Amepandishwa cheo, ni kiongozi wa madereva. Wanaiita gesi ya Spana. Ungemwona anavyotembea ungecheka.

Mambo ya nani kafanya nini tunayajua sisi wenyewe nyumbani, yatosha.

Baba yako.


15 Mei

Shikamoo Baba,

Nafurahi mko wazima na lori limepanda. Nafurahi kweli.

Kununa nimenuna, na sitakuficha. Nimekaa na barua yako nikiisoma na kuikunja. Nilidhani nimeshazoea. Kumbe bado niko pale pale mlangoni pa gereji na bakuli lako la chakula mkononi, nasubiri uniambie niingie. Simwonei Spana wivu wa cheo, ni mdogo wangu, ale tu. Lakini kile kichanganyio nilikitengenezea pete ya kukishikilia kwa mkono wangu, mara ya kwanza ikapasuka, nikaanza upya. Pete ile haikufanywa na Spana. Nilikuomba kitu kimoja, nawe umekitoa kwa mwingine.

Basi. Kuna jambo kubwa kuliko hasira zangu, na hili msomee Spana neno kwa neno. Zamani lori likiinama mno, injini ilikuwa inazima, na dereva alikuwa anasimama apende asipende. Sasa haizimi. Lakini lori ni lile lile na uzito ni ule ule. Litapinduka pale pale ambapo lingepinduka siku zote, tofauti ni kwamba sasa hakuna kitakachomzuia kufika hapo. Asikatishe ubavuni mwa kilima na magogo. Apite njia kuu, hata kama injini inambembeleza. Sisi ghalani sakafu ni kama meza, mambo ya kilima mimi siyajui, ila hesabu ya uzito naijua.

Mama msalimie.

Binti yako.


2 Juni

Binti yangu,

Marahaba. Tu wazima wote, tunashukuru.

Una maneno makali, umeyarithi kwa bibi yako, mama yangu. Haya, nimesikia. Ukija likizo mwisho wa mwaka nitawaita madereva wote, nikusimamishe mbele ya lori, niseme kwa mdomo wangu kwamba hii ni kazi ya binti yangu. Nimeahidi, na mama yako ni shahidi, yuko hapa ananitolea macho.

Kuhusu kilima usituwekee presha. Nilikuwa napandisha malori kabla wewe hujaota meno.

Baba yako anayekupenda.


20 Juni

Shikamoo Baba,

Asante. Nimeomba likizo leo leo. Mwambie Mama nitaleta dawa ya magoti, na Spana nitamletea glovu nzuri za kazi, aseme saizi yake.

Hujaniambia kama ulimsomea Spana ile habari ya kilima.

Binti yako.


11 Septemba

Kwako binti yangu,

Natumaini huko ni salama. Huku si salama, na ndiyo sababu ya kimya chetu.

Lori lilipinduka mwezi uliopita. Spana alikuwa anakatisha ubavuni mwa kilima, ile njia fupi inayotoka bondeni. Alikuwa ameizoea, maana injini ilikuwa haimkatalii. Siku hiyo kulikuwa na matope. Magogo yalihama upande mmoja, yakaenda na lori. Nilipofika, lori lilikuwa limelala ubavu na injini inaunguruma, matairi ya juu yanazunguka hewani, na mdogo wako yuko chini ya mlango. Nilifunga koki ya tangi mwenyewe. Sauti ile bado naisikia.

Yu hai. Mguu wa kulia wameukata juu ya goti. Mama yako yuko naye hospitali, hataki kuondoka, na hasemi na mimi.

Ile sehemu ya barua yako sikumsomea. Niliona itamtia woga, na dereva mwenye woga hafai. Nawe ungeandika kwa ukali zaidi, uliichanganya na malalamiko yako mengine.

Sasa nisikilize. Meneja anataka kujua kosa ni la nani. Likiwa la dereva, Spana hatapata matibabu wala kazi nyingine kiwandani. Likiwa langu, nafukuzwa, na nyumba hii ni ya kiwanda. Kwa hiyo nilisema ukweli. Nilisema pale pale mbele ya lori, madereva wote wakiwa wamesimama na kofia mikononi: «Gesi ni kazi ya binti yangu. Aliitengeneza yeye, huko aliko.» Basi ile ahadi yangu nimeitimiza kabla hujafika. Kila mtu sasa anajua.

Meneja anataka uandike kwa mkono wako kwamba wewe ndiye fundi, na kwamba vifaa vilikuwa na kasoro. Ameomba pia anwani ya mwajiri wako. Fanya hivyo kwa ajili ya mdogo wako.

Baba yako.


30 Septemba

Baba,

Mpe Spana pole yangu. Mwambie namfikiria kila ninapokanyaga ngazi. Mama mwambie ale, hata kama hasemi na mtu.

Maneno yako yale mbele ya lori nimeyasoma mara nyingi. Hayana kosa hata moja. Ni kama nilivyokuwa nayasikia kichwani tangu niko msichana, ungedhani nilikuandikia mimi ukayasome. Gesi ni kazi ya binti yangu. Nikicheka hapa watanifukuza.

Nimemwandikia meneja. Nimesema fundi ni mimi, na kwamba vifaa vilikuwa na kasoro, injini ikavuta kupita kiasi, dereva hana kosa. Ni uongo. Havikuwa na kasoro, Baba, wewe uliona. Vilifanya kazi mpaka lori likiwa limelala. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na karatasi pekee duniani inayosema ni yangu inasema ni mbovu, tena kwa mwandiko wangu. Nimeandika kwa sababu Spana hana mguu. Wewe usijidanganye kwamba nimeandika kwa ajili yako.

Anwani ya mwajiri wangu nimempa. Najua itakavyokuwa.

Likizo nimeirudisha. Siji.

Binti yako.


8 Februari

Binti yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hii ni barua ya tatu na hujajibu hata moja, nadhani posta ndiyo yenye matatizo. Mama yako amenieleza kuwa wamekutoa karakana wamekuhamishia stoo, kuhesabu maboksi. Pole sana. Ila stoo si kazi nzito, na mikono yako itapumzika kutokana na grisi.

Huku mambo yamenyooka. Barua yako meneja aliipokea vizuri. Matibabu ya Spana yote wamelipa, na anatembea na magongo vizuri tu. Mimi bado niko kazini.

Nina habari ya kukufurahisha. Wale wa machimbo ya mawe ng'ambo ya kilima wana malori kama letu, nayo yanazima vile vile. Waliliona letu linavyopanda kabla ya ajali, hawajasahau. Wamekuja kumtafuta Spana awafungie gesi. Kazi yenyewe inamfaa, atakaa kwenye kiti na kuelekeza, wengine washike vyuma. Wamempa kibanda, na mlangoni wameandika Gesi ya Spana kwa rangi nyekundu. Alilia alipokiona. Nami nililia.

Tatizo ni michoro. Ile ya mwanzo ililoa mafuta siku ya ajali, haisomeki, na Spana hawezi kukumbuka kila kitu. Tafadhali kaa uichore upya, kichwa chako ni kizuri, huwezi kuwa umesahau. Chora na ile pete ya kichanganyio, maana hapa hakuna anayejua inachongwa vipi.

Ila usiandike popote kwamba imetoka kwako. Wale watu wa machimbo wamesikia habari za ajali na za ile barua yako kwa meneja, wanaweza kuogopa.

Mama yako anakusalimu. Amekaa kitandani, ameniambia nisitume barua hii, lakini unamjua mama yako. Tunaisubiri michoro kwa hamu.

Ni mimi, baba yako anayekupenda.