Mito Uliyoisifia

Nyumbani,
Chumba cha cherehani,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zetu sote. Natumaini kile kifua kimepona na baridi ya huko imekuzoea. Huku hatujambo. Mama anatembea vizuri, ila goti la kushoto linamsumbua akishuka ngazi. Mimi ni mzima wa mwili, lakini nimekukasirikia sana, na sitazunguka mbuyu.

Shemeji yako alikutumia picha ya mito mitatu iliyo kwenye makochi ya Mama. Ukajibu kwamba ni mizuri ajabu, kwamba hapo nimepata biashara, na kwamba tukutumie mmoja. Nilisoma jibu lako nikiwa na mkasi mkononi, nikaona heri niuweke chini kwanza.

Hivi kweli hukuona? Ule wa kijani ni fulana yako ya timu ya shule, ile uliyoichana kwapani ukaogopa kumwambia Baba. Wa bluu ni ile uliyokuwa ukiendea gereji. Mweupe una majina ya darasa zima, na lako liko katikati kabisa. Ni nguo zako, bwana wee, na umezisifia kama mteja anayepita dirishani.

Tangu uondoke Mama alikuwa akizitoa kabatini, anazifua, anazipiga pasi na kuzirudisha. Nikimcheka ananiuliza mtoto akifika na vumbi la safari atabadilisha nini. Mgeni akihitaji kulala anaambiwa chumba kile kina mwenyewe.

Mwezi uliopita ukaahirisha tena kuja. Safari hii Mama hakulalamika, na hicho ndicho kilichonitisha. Kesho yake alizibwaga fulana kwenye meza yangu akasema, "Zishone mito. Mwenyewe hana haja nazo."

Nilikataa. Nilimwambia kitambaa cha fulana kinavutika, mashine itakitafuna. Uongo mtupu, maana nabandika kitambaa kigumu kwa nyuma kila siku na kinatulia. Basi akachukua mkasi akaikata ya kijani mwenyewe, hovyo hovyo, nusura apitishe kwenye maandishi. Nikampokonya nikamaliza mimi. Ndiyo maana mto ule una kiraka pembeni, hicho hicho ulichosema ni ubunifu.

Nilishona nikilia kwa hasira. Mikono na migongo ya fulana aliikatakata akajazia ndani, hakutaka hata sponji. Sasa anaiegemea akisikiliza taarifa ya habari. Na chumba chako amempangisha fundi umeme, kijana mstaarabu, ambaye tayari anajua goti lipi la Mama linauma.

Tafadhali usitume kifurushi. Najua ndivyo ulivyo, ukibanwa unakimbilia dukani. Mama hakuzaa kifurushi.

Imebaki fulana moja, ile ya mistari uliyoivua asubuhi ya safari ukaiacha kitandani. Hiyo hajawahi kuifua. Nimeificha chini ya vitambaa vya wateja, na juzi aliiulizia. Nikasema sijaiona. Akarudi sebuleni. Nimechoka kumdanganya kwa ajili yako, na nimechoka kukutetea. Njoo uivae, la sivyo nitamrudishia na mkasi juu yake.

Shemeji yako anakusalimu, na wanangu, wajomba zako wadogo, wanauliza kama bado unajua kupiga mluzi kwa vidole. Shangazi anakusalimu, na jirani wa ghorofa ya juu pia.

Mama hakunipa salamu. Nilimwambia naandika kwako, nikamngoja, kisha nikamwambia tena. Aliniuliza tu kama uzi mweupe uliobaki unatosha mto mmoja zaidi.

Mungu akulinde huko uliko, na akupe nauli na aibu kwa pamoja.

Dada yako anayekupenda, hata leo.