Kigoda cha Cornel Kimevunjika Mguu

Kigango cha Mwabujiku,
Posta ya Shinyanga,
16 Septemba 1952.

Mpendwa mdogo wangu Cornel,

Kwa niaba ya ukoo mzima, walio hai na waliotangulia, na kwa idhini ya mama yetu Limi aliyekaa hapa kando yangu akimenya karanga, natangaza rasmi kwamba kigoda chako kimevunjika mguu. Kilikuwa na mitatu, sasa kina miwili kama mimi, ila mimi bado nasimama. Tumekilaza jikoni kwa heshima zote, karibu na mbegu za mtama. Usiulize bado kimevunjikaje. Ukisikia kwa mtu kwamba nilikikalia, ujue ni masengenyo. Unene wangu una makosa yake, lakini hilo halimo.

Hujambo lakini? Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaituma: marahaba. Kile kifua kimekuachia, au vumbi la shimoni limehamia humo na kujenga? Sisi huku wazima. Mama yetu, Mayu, anakohoa asubuhi na kulalamika mchana, ndiyo afya yake. Binti yako Klara ameota meno mawili na ameshayajaribu kwenye bega langu. Mkeo Paskazia ni mzima wa mwili. Habari za moyo wake utazisoma mbele.

Kiangazi ni kikali, ng'ombe wanakwenda mbali kutafuta maji na kurudi na kiu nyingine. Michembe ya viazi imekauka vizuri. Nimekufungia furushi kwa mkono wa Nkwabi, anayeswaga ng'ombe kuja mnada wa huko. Likikufikia limepungua, mwangalie mashavu.

Sasa nafika kwenye jambo lililonishikisha kalamu, na hasira bado ina moshi.

Katekista Valerian amekwenda misheni kwa mafunzo hadi mvua zianze. Sala za Jumapili amemwachia mzee Maganga. Unamkumbuka alivyokuwa nsumba ntale wetu, akituongoza vijana kulima kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule? Sheria yake ilikuwa moja: asiyefika na jembe, shamba lake tunaliruka. Kwa mashamba ilikuwa sheria nzuri. Hata mimi mvivu nilikuwa nafika, nimekasirika, lakini nimefika.

Basi mzee wetu kaichukua sheria ile ya jembe na kuiingiza kanisani! Jumapili yake ya kwanza tu kasimama mbele, kakohoa kama padre, akasema, "Asiyekuja kusali nasi haombewi. Walioko migodini tusiwataje tena. Na vigoda vyao vibaki nyumbani."

Unajua tulivyozoea tangu mlipoanza kutukimbia. Kila nyumba inakuja na vigoda vyake, na cha aliye mbali nacho kinabebwa, kinawekwa mahali pake. Mwenyewe anatajwa jina, tunaitikia. Akitokea mgeni, anakalishwa hapo hapo, ili na wetu huko aliko asikose wa kumpisha. Hatukuandikiwa na askofu. Desturi hii ilianzwa na mama zetu, na hakuna padre aliyeikataza.

Nilisimama palepale, upande wetu wa wanawake. Nikasema, "Mzee Maganga, marehemu wetu nao hawaji kusali, na kila siku tunawaombea. Kwa hiyo Cornel afe kwanza, ndipo atajwe?"

"Bernadina," akasema, "wewe hata Petro mwenyewe akikufungulia mlango wa mbinguni, utamuuliza kwa nini amechelewa."

Watu wakacheka. Shemeji yako, baba Gregory, akaitazama rozari yake kama anaiona mara ya kwanza. Mimi nikakaa, nimeshindwa kwa kicheko, na hicho ndicho kinachouma zaidi. Paskazia hakucheka. Neno langu lile la kufa lilimwingia vibaya, maana kila siku anakuwaza uko chini ya mwamba. Jioni aliniambia, "Wifi, kama hawamtaji, mimi nakwenda kusali kufanya nini?"

Hebu fikiri! Mtu umeacha mke na mtoto kwa ajili ya kodi na mabati, unashuka ardhini kila siku kama fuko, halafu sala ya nyumbani kwenu inakuruka kama shamba la mvivu! Tangu lini neema ikaenda kwa zamu? Tangu lini Mungu akamuuliza mtu, jembe lako liko wapi? Nikiwa natwanga nilikuwa natwanga Maganga. Mayu akaniambia nipunguze, unga unatoka na vipande vya kinu.

Nikuongezee moja, usije ukadhani nina chuki tu. Mwanawe Ngassa naye aliondoka mwaka juzi, wakiwa wamegombana, na hajaleta neno. Tulimtaja kila Jumapili hadi baba yake alipopewa uongozi. Wa kwanza kurukwa na sheria yake ni mwanawe mwenyewe. Hilo nililijua, na bado nilikasirika. Mtu akiumwa jino, ndiyo ang'oe ya kijiji kizima?

Paskazia nilimbembeleza, akaendelea kuja. Na mkeo huyo, unayemwona mpole, aliendelea kubeba kigoda chako kichwani kila Jumapili, na mtoto mgongoni, anakiweka upande wa wanaume. Maganga anakitoa nje. Jumapili inayofuata kimerudi. Ungekuwepo ungemwoa mara ya pili.

Sasa nikwambie ukweli wa ule mguu, kama ulivyokuwa, bila kujipamba.

Juzi Jumapili Maganga alichelewa kidogo kukitoa. Akaingia mgeni, Msumbwa wa Runzewe, jina lake Ignas, anakwenda Mwadui kutafuta kazi. Ninyi wanaume mnapishana njiani kama sisimizi: wewe umetoka kwetu kwenda machweo, yeye katoka machweo kuja kwetu. Blanketi begani, miguu imepasuka kwa vumbi, rozari shingoni. Akaona kigoda kitupu, akapiga ishara ya msalaba, akakaa.

Maganga akakatisha litania. "Hicho kina mwenyewe."

"Samahani, baba," mgeni akasema, akainuka haraka, akaenda kukaa chini mlangoni, pale wanapolalaga mbwa.

Mdogo wangu, sijui nilivukaje. Nilijikuta upande wa wanaume, kanga imeniteleza kichwani, naulizwa na macho ya kila mzee wa kigango. Nikakishika kigoda mguu. Maganga akakishika kitako.

"Kina mwenyewe?" nikamwuliza. "Mwenyewe nani?"

"Si ni Cornel!"

"Cornel yupi? Yule asiye na nafasi humu? Amua leo, mzee. Kama nafasi anayo, mtaje. Kama hana, mgeni akae!"

"Achia, mwanamke!"

"Achia wewe, nsumba ntale!"

Tukavuta. Mayu alipaza sauti kutoka nyuma, "Enyi, hiyo ni isumbi ya kukalia, si mbuzi wa mahari!" Nikavuta kwa uzito wangu wote, nao unaujua. Kikalia kwaa! Mimi nikabaki na mguu, chali. Maganga akabaki na kitako, naye chini. Watoto waliangua kicheko mpaka wakatolewa nje. Hivyo ndivyo kilivyovunjika. Si mchwa, kama baba Gregory anavyowaambia majirani kunistiri.

Lakini kilichofuata ndicho nilichotaka ukijue.

Kabla hatujainuka, Paskazia alisimama. Hajawahi kusema neno kanisani tangu aolewe kwetu. Akasema, "Tumwombee Cornel, mwana wa Limi, aliye chini ya ardhi Geita."

Watu wanamtazama Maganga, Maganga anatazama kigoda. Mimi mwenye mdomo wote huu, bado niko chali na mguu wa kigoda mkononi.

Ndipo mlangoni ikasikika sauti moja, yenye lafudhi ya Kisumbwa, "Twakuomba, utusikie."

Peke yake. Mtu asiyekujua, tuliyetoka kumnyima kiti chako. Kisha Mayu akaitikia, kisha wanawake, kisha wanaume mmoja mmoja, hadi baba Gregory. Umeombewa, mdogo wangu, na aliyeanza ni mgeni.

Tulipomaliza, Maganga akasema chini chini, bado amekaa mavumbini na kile kitako magotini, "Na Ngassa."

Niliitikia wa kwanza. Niliitikia kwa hasira, lakini niliitikia.

Ignas alikula kwetu na kulala kwetu, na jana asubuhi ameshika njia na michembe yake. Mimi na Maganga hatujasalimiana. Leo ameleta kipande cha mti mkavu, akakiweka mlangoni bila hodi, akaondoka. Kinatosha mguu mmoja. Ukimwona Ngassa huko uliko, mpishe akae.

Mayu anakusalimu na kukuuliza kama unavaa fulana. Paskazia anasema yake atayaandikisha mwenyewe, si kwa mkono wangu. Klara anakusalimu kwa meno mawili. Baba Gregory naye anakusalimu, akitazama pembeni.

Mungu ashuke nawe kila ushukapo, na akupandishe ukiwa mzima.

Ni mimi dada yako akupendaye, mwenye mgongo unaouma,

Bernadina, mama Gregory.