Maji Niliyompa Yankho

Kasungu, Jumapili

Mdogo wangu Falesi,

Salamu nyingi. Natumaini baridi ya Johannesburg haijakuonea na tajiri wako anakupa nafasi ya kupumua. Mwanao Yankho uliyeniachia yu hai. Natanguliza hilo usije ukaanguka kabla hujamaliza kusoma.

Alianza kwa kikohozi, kisha mbavu zikawa zinabonyea akivuta pumzi. Mama mkwe alimtazama mara moja tu akasema, "Huyu kakatwa na chumvi! Nani humu katia mboga chumvi naye yuko mwezini?" Si unajua kwetu, mwanamke akiwa hivyo humwita mtoto wa jirani amtilie chumvi, kwani akitia mwenyewe, mtoto atakayekula huugua kifua. Nikamnyooshea kidole Zione, mke wa shemeji yangu, ninayepika naye. Alilia, akaapa, nami nikamzomea mbele ya majirani: "Huna hata haya wewe!" Akafungasha, akarudi kwao.

Hospitali walisema ni nimonia. Muuguzi akaniagiza nimpe maji kwa vijiko, basi. Lakini kichwani mwangu chumvi ilikuwa imemwingia na lazima ioshwe. Muuguzi akigeuka tu, nampa kikombe kizima. Asubuhi akashikwa na degedege, macho yakamgeuka, hakunitambua.

Daktari alipima damu akaniambia chumvi imeshuka mno. Nilidhani ananikejeli. Akanieleza kwamba nimonia huufanya mwili wa mtoto uzuie maji, na ukimwongezea mengine damu inazimuka. Akauliza kama nimempa maji zaidi ya vile vijiko. Nikasema hapana, Falesi. Mwanao anatetemeka mbele yangu, nami nasema hapana. Degedege liliporudi ndipo nikasema kweli.

Wamemtibu, sasa anakula na kugombana na wenzake wodini. Lakini hujasikia lililo baya zaidi. Aliyekuwa mwezini ni mimi. Mboga ilikuwa jikoni, nikaona uvivu kwenda kuita mtoto, nikatia chumvi mwenyewe. Nilipomnyooshea Zione kidole nilijua. Daktari anasema chumvi ile haikuwa na kosa lolote. Kilichokaribia kumuua mwanao ni woga wangu wa kusemwa. Naona aibu hata kumbeba.

Mama mkwe anataka ndoa ya Zione ivunjwe. Kwa hiyo kabla sijaifunga barua hii nitaisoma uani, mbele yake na majirani walewale. Nikishindwa, nitaichana. Ikikufikia, ujue wamesikia.

Uamuzi juu ya Yankho, abaki kwangu au aondoke, ni wako. Anakusalimu sana.

Ni mimi dada yako,
Enelesi