Club Yako Imefunguka, na Mwenye Alikuitia Mwizi Ameingia

Yaya Murhula,

Ni miye Nsimire, mudogo wako mwenye kelele. Sikuandikii juu ya kukulilia, machozi ilikwishaka ku kilio chako. Nakuandikia juu niko na kasirani, na hapa nyumbani hakuna tena mutu anajua kusikiliza kasirani yangu.

Ile club yenye ulikuwa unaimba kila siku kama utaifungua, nimeifungua. Usicheke! Ulisemaka: "Hii michezo ya zamani, siku moja watu wataitafuta kama dawa." Basi wanaitafuta. Niliweka mu telephone ka programme kenye kanachezesha michezo yote ya télé ya salle yako, ile nyumba yako ya kuchezea, na watu wawili wanaweza kupigana hata kama mumoja iko Minova na mwingine Lwiro. Nikafungua groupe, nikaiita Anayefungwa Anasimama, sababu njo ilikuwa sheria yako pale Kadutu: ukifungwa unatoa manette, kale kadude ka kubonyeza, unasimama, mwingine anakaa. Kila jumamosi kisha chakula ya muchana tunachagua muchezo moja, tunauana, kisha kila mutu anatuma vocal, sauti yake, aseme ule muchezo ulimufanyia nini. Wanatukanana, weee! Juzi mwalimu muzima wa hisabati alimutukana mwenzake mpaka mama-mukwe wake akasikia.

Kwa kuingia niliweka sharti moja tu. Unanitumia vocal, miye peke yangu, unasema ni wapi ulishika manette mara ya kwanza. Wengi wanasema ni kwako. Wanakumbuka zile benchi, na vile ulikuwa unapiga kelele manette ikianguka ku ciment: "Ungeangusha mutoto wako hivyo?" Nacheka, kisha naisikiliza tena.

Lakini ni ile sharti njo ilileta shetani mu nyumba.

Wiki tatu sasa, mutu mumoja akatuma vocal. Sekonde tano hazikuisha, nilishajua sauti. Akonkwa, museremala, ule mwenye alikutengenezea benchi. Mwenye alibeba jeneza lako, yaya! Akasema: "Nilishika manette mara ya kwanza kwa Murhula." Akapumua. Kisha akasema: "Na njo miye nilimuitia mwizi."

Akaeleza yote. Ile siku ya pillage, watu walikuwa wanavunja milango ya maduka, nawe ulikimbia ku salle kuokoa vitu vyako mbele wavifikie. Yeye alikuwa juu ya mulima, akaona mutu anashuka mbio na sac ku mugongo na télé ku kichwa. Sura hakuiona, télé iliifunika. Ile siku kila mwenye kubeba télé alikuwa mwizi, hakuna mwenye alikuwa anauliza. Akapiga kelele. Watu wakakuangukia na fimbo, na mawe, na vyuma. Ulisema, "Ni yangu! Ni yangu!" na wao wakacheka, juu wezi wote wanasemaka hivyo. Akonkwa mwenyewe alikupiga mara mbili. Mara ya pili télé ikaanguka, akaona ni weye, na wengine wakaendelea kupiga.

Miye na Maman tulikuosha. Meno yako niliyatoa mu mudomo na hiki kidole changu. Na tangu pale Maman haendi tena kuimba ku chorale ya kanisa, juu walikuwa wanamuita "mama ya mwizi" na hata kama wanasema pole pole, alikuwa anasikia. Alikuwa amekubali kufa na lile jina.

Sasa nilikuwa na sauti ya Akonkwa mu mukono. Unawajua wale ndugu zetu wa Nyantende. Waliniambia ku kilio: "Utuletee jina moja tu, petroli tuko nayo." Nilikuwa nabaki kugusa mara moja ku telephone, basi vocal iwafikie.

Nilimuita kwanza tupigane. Ule muchezo wa ngumi, ule wako. Nilimupasua mara kumi na moja. Mutu wake wa mu muchezo alikuwa anasimama tu, mikono chini, nami navunja mbavu, navunja shingo, naanza tena. Nikapiga kelele mu micro: "Pigana, mbwa weye!" Akajibu: "Weye siwezi kukupiga, Nsimire." Nilitupa telephone ku kitanda. Nilitaka kuuma kitu.

Kisha nikamuandikia: ukuje hapa ku avenue, useme mbele ya watu ile télé ilikuwa ya nani. Ukikatala, vocal inaenda Nyantende.

Akakuja siku ya mungu, watu wakitoka misa. Akasimama pale ku robinet ya maji, akasema kwa nguvu: "Murhula hakuwa mwizi. Télé ilikuwa yake. Ni miye nilimusingizia." Maman akakaa chini mu matope, na kikwembe chake cha misa, akaanza kuita jina lako. Na watu wetu, yaya, wale wale! "Kumbe njo yeye? Mumuue!" Jiwe la kwanza likamukuta ku sikio, damu ikashuka ku shati. Hakukimbia.

Nilimukamata ku shati, nikamuvuta mpaka mu parcelle, mu kiwanja cha kwetu. Nilimupiga makofi mbili mbele ya Maman, kwa nguvu zangu zote, kisha nikafunga mulango na kufuli, watu inje, yeye ndani. Walipiga mateke ku bati mpaka wakachoka.

Sasa kila mutu ananiuliza kwa nini nilimuokoa. Maman pia. Ninawajibu ni juu ya Mungu. Uongo. Nakuambia weye peke yako.

Ile siku walipopiga kelele "mwizi", nilikuwa mu parcelle nafua nguo. Nilisikia fimbo. Nilisikia mutu analia, sikujua ni sauti ya nani. Na miye, mudogo wako, bila hata kuinua kichwa, nilisema: "Wamumalize, wametuchosha!" Kisha nikakamua shati yako, nikaianika.

Akonkwa iko mu club. Aliniomba musamaha, nikamuambia angoje, miye pia niko ku ligne, nangoja musamaha wako. Maman amerudi ku chorale. Nakuahidi kitu moja tu: siku wakiita tena mwizi hapa inje, nitaacha maji, nitatoka mbio, nitaangalia sura ya ule mutu.

Lala, yaya wangu.

Nsimire