Mawe ya Njia ya Kushukia

Ntalikwa, Tabora
Machi 1968

Mdogo wangu Mabruki,

Karanga zimestawi, mbuzi kazaa mapacha. Ila wanafunzi wako wa elimu ya miamba waliokuja huku wamenichoma moyo. Niliwaambia, "Wanangu, pigeni picha, mawe yaacheni." Mafungu yale ya mawe wapagazi wa zamani waliyapanga kuonyesha njia ya kushukia mlima, ukiikosa, ni korongo. Wakacheka: "Shangazi, mlima mzima mawe!" Wakajaza mikoba mitatu.

Juzi Mama alipanda kutafuta kuni. Mvua ikamkuta huko, akatafuta fungu la mawe asilione, akatumbukia korongoni. Kavunjika nyonga.

Waje wenyewe, wayapange upya nikiwaona. Elimu gani isiyomsikia mwenyeji?

Mama sijamwambia. Jana kaniuliza kama wale watoto walifika salama.

Dada yako,
Sikuzani